Mota za Lori

Isiolo, Alhamisi

Ndugu yangu Maina,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako. Natumai mvua ya huko haijaifunga gereji, na mgongo wa Mama umepata nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio sina. Ningekupigia simu, lakini ungenicheka kabla sijafika katikati, na hii si ya kucheka; barua hii inakuja na basi la usiku huu.

Unakumbuka nilikwambia wanafunzi wangu wanaunda roboti ya mashindano ya Nairobi. Inatakiwa kupanda kilima cha mbao ikiwa na mzigo. Tulihitaji mota mbili, nami nikaenda kwa wauza vyuma vikuukuu nikachagua mota za waipa, zile za kufutia kioo, zilizotolewa kwenye lori. Nilizipendea ukubwa. Wewe, fundi wa umeme wa magari, ungezikataa ukiwa mbali. Hata Dahabo, msichana wa kidato cha tatu anayetuunganishia waya, alizikataa. Babake huendesha lori la kwenda Merti.

"Mwalimu, hizi ni ya lori, inataka volti ishirini na nne," aliniambia. "Betri yetu ni ya kumi na mbili. Si tutafute ya pikapu?"

Nikamwambia fizikia nafundisha mimi.

Wiki jana mkuu wa shule alileta wageni waione. Roboti ikajikokota kama ng'ombe wa kiangazi, ikasimama katikati ya kilima. Nikaona haya. Nikamwagiza Dahabo aongeze betri ya pili, aziunganishe mfululizo zifike volti ishirini na nne. Akaninong'oneza kwamba vile vidhibiti vya mwendo, visanduku vinavyoamua mota izunguke haraka au polepole, vimeandikwa mwisho volti kumi na sita. "Unganisha tu," nikasema. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo. Moshi ukatoka, vyote viwili vikaungua mbele ya wageni.

Mkuu akauliza, "Nani amefunga hizi waya?" Kabla sijafungua mdomo, Dahabo akasema, "Ni mimi. Nilikosea." Huku mtoto hamwaibishi mwalimu wake mbele ya wageni, hilo nalijua, nimekaa nao miaka minne. Nami nikanyamaza, Maina. Neno moja tu lingetosha, nikatazama viatu vyangu. Mkuu akalifuta jina lake kwenye orodha ya watakaosafiri, na orodha imeshapelekwa. Tangu hapo tumeazima vidhibiti vya shule jirani, mota nimebadilisha, sasa ni za pikapu, na roboti inapanda vizuri kabisa. Kila ikipanda naumia.

Jana nikaenda kwa kina Dahabo, hapa hapa mjini. Nilipiga hodi kwa salaam aleikum, wakanikaribisha kwa chai ya maziwa. Sijaketi vizuri, mamake akaanza kuniomba msamaha. "Mwalimu, huyu mtoto ametuaibisha. Tumemwambia asiguse vitu ya shule tena." Dahabo alikuwa amesimama mlangoni, macho chini. Hata kwao hakuwa amenitaja.

Nikaweka kikombe chini nikasema yote: mota nilichagua mimi, onyo nililisikia, amri ya betri ya pili ilikuwa yangu. Mamake akajifunika mdomo kwa mtandio. Babake akaniuliza kwa upole, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, asante. Lakini hapa tuko wanne. Siku hiyo watu walikuwa wangapi?"

Chai nikaiacha.

Kesho ni Ijumaa, kuna gwaride. Nitasema mbele ya shule nzima, mkuu akiwepo, anifanye atakavyo. Najua haitamrudishia Dahabo safari yake.

Mama mwambie nakula vizuri. Haya mengine usimsomee. Nisalimie shemeji yangu, mkeo, na shangazi yetu mwenye duka, na wale mafundi wako wote. Wewe niombee kitu kimoja tu: kesho nikisimama, sauti itoke.

Mdogo wako,
Kariuki