Dakika Kumi za Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Dakika ishirini na tano ndani ya boksi, kama jana. Jasho limeanza dakika ya kumi na mbili. Viwiko bado vinapasuka, shingo inawasha, ila mgongo umelegea vizuri. Nje ukungu mpaka saa nne asubuhi. Mbinga ya mwezi wa sita haina huruma, watu wanatembea mikono kwapani.

Siku ya tisa tangu nilete hii sauna ya infraredi kutoka saluni moja ya Songea iliyofungwa. Kabati la mbao la mtu mmoja, paneli za joto pande tatu, hakuna mvuke wala moshi. Mwenye saluni alisema hii ngozi yangu ya magamba itakuwa kama ya mtoto. Mke wangu, Mama Neema, ni muuguzi. Akauliza mtoto yupi. Shule zimefungwa, nyumba kimya, mimi na boksi langu. Raha tupu.

Jumatano, 11 Juni
Mama Neema amerudi kutoka Lituhi, kule ziwani, na mama yake. Nimonia ya mwezi uliopita haijaisha vizuri. Daktari hataki alale peke yake mpaka kliniki ya tarehe 31 Julai. Wiki saba. Ni sawa kabisa, ni mama. Tatizo moja, nalo si dogo: ni mama mkwe.

Kwa wengine mambo haya yamelegea. Kwetu bado. Mwaka wa ishirini na mbili huu, mimi naye hatujawahi kutazamana usoni. Shikamoo kwa mbali, macho chini. Mengine yote yanapitia kwa binti yake. "Mwambie Mwalimu chai ipo." Nami nipo hatua tatu, nasikia kila neno. Nasubiri niambiwe.

Ijumaa, 13 Juni
Mama mkwe anatetemeka. Amezoea joto la ziwani. Huku amevaa makoti mawili, la pili ni langu, na sioni namna ya kulidai. Anaota moto jikoni, moshi unamrudishia kikohozi. Amesema Jumanne anarudi kwake. Lituhi hakuna wa kulala naye. Mama Neema hana likizo. Amelia bafuni akidhani sisikii.

Nami nina kitu chenye joto kisicho na moshi. Nimekifikiria tangu mchana na nimenyamaza. Maana akiingia yeye, mimi basi. Benchi alilokalia mama mkwe kwa khanga moja, nitalikaliaje? Uchoyo mtupu. Nimejionea aibu. Wakati wa chakula cha jioni nimesema mama atumie boksi. Mama Neema alinishika mkono, na magamba yake yote.

Jumatatu, 16 Juni
Daktari amekubali kwa masharti. Joto la chini, mlango uachwe wazi kidogo, dakika kumi, presha ipimwe kwanza, maji ya kunywa karibu. Mama Neema yuko zamu za mchana, kwa hiyo wa kushika saa ni mimi. Na kila dakika mbili nimsemeshe mgonjwa nisikie sauti, maana mtu mzima anaweza kuzirai kimya kimya. Nimekataa. Nimeshindwa.

Nimekaa mgongo kwa boksi, saa mkononi, jasho linanitoka mimi niliye nje.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Mara tano. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Jioni kamwambia binti yake: "Mwambie Mwalimu humo ndani ni Lituhi." Habari za Jumanne hazitajwi tena.

Ijumaa, 20 Juni
"Nipo" imeanza kuota matawi. Leo ameuliza kutoka ndani nafundisha nini. Jiografia. Akauliza kama jiografia inajua ziwa lina kina gani. Nikasema ni kati ya maziwa yenye kina kirefu sana duniani. Akasema analijua hilo, limemmezea sufuria mbili. Nimecheka mpaka nimesahau kutazama saa. Amekaa dakika kumi na moja. Nisimwambie Mama Neema.

Fundi seremala amenichongea benchi langu. La mama mkwe linatolewa, langu linaingia. Mila inakubali. Au nimeamua mimi kwamba inakubali.

Jumamosi, 28 Juni
Nimefika dakika arobaini kwa siku. Viwiko vimechanika, kimoja kimetoa damu. Nimemwambia Mama Neema kwamba ni uchafu unaotoka mwilini. Ameniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa wanaojitibu.

Mama mkwe kikohozi kimepungua. Namsikia akiimba humo ndani nyimbo za kanisa lao la Anglikana. Sauti nzuri, na Mkatoliki mimi nimeshaujua ubeti wa kwanza.

Alhamisi, 3 Julai
Siku mbaya. Shemeji alipita jana kutoka Lituhi na ndoo ya usipa wabichi, wale dagaa wa ziwani kwetu. Manyunyu siku ya tatu, jua hakuna, pa kuanika hakuna. Mimi nilikuwa Mkumbi, shambani, kuangalia kahawa. Nimerudi, harufu imenipokea getini. Ndani ya sauna yangu sinia mbili za samaki, joto limewekwa la mwisho.

Nimepayuka. Nani ameweka samaki humu? Nilijua ni nani. Nikaongeza: hapa si kichanja cha Lituhi. Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Amesikia yote.

Ijumaa, 4 Julai
Hakuna "nipo" leo. Hakugusa boksi. Mfuko wake umefungwa, upo mlangoni, anaondoka na basi la Jumatatu. Amemwambia binti yake kwamba amekumbuka nyumbani, basi. Hakunitaja. Kunihifadhi kwake kunaniuma kuliko kama angenisema. Kikohozi kimerudi, nakisikia ukutani.

Nimemtukana mkwe. Sina jina jingine la nilichofanya. Kosa kama hili huombewa msamaha kwa kuku na khanga, na mshenga ndiye hupeleka. Mshenga wetu tulishamzika.

Jumapili, 6 Julai
Nimetoka misa. Mama Neema zamu. Nyumbani sisi wawili tu, yeye chumbani. Nimesimama ukumbini nikasema kwa sauti, bila kupitia kwa mtu: "Mama, naomba unishikie saa." Nimeingia kwenye boksi, nimefunga mlango, nimewasha. Kidirisha cha mlango nimekiziba kwa gazeti. Harufu ya samaki imenikaba. Mwalimu mzima, baba wa nyumba, nimejifungia kabatini nasubiri. Nilijiona mjinga kabisa.

Kisha kiti cha nje kikatoa mlio.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo."

Nikasema. Kwamba nimekosa adabu. Kwamba neno lile la kichanja sikulikusudia, na hata kama nililikusudia, najuta. Kwamba akiondoka na kikohozi hiki sitalala. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo bila ubao nyuma yangu. 

"Wale samaki walikuwa wako," akasema. "Niliona unavyowapenda. Hapa nakaa tu kama mgeni, baba, wiki ya nne sijaambiwa nishike hata ufagio. Nikasema angalau nimwandalie Mwalimu kitoweo."

Nilijipangusa macho kwa taulo. Jasho pia, lakini si jasho tu.

"Halafu kingine," akasema. "Unajikausha humo kila siku kama usipa, kisha unashangaa ngozi inapasuka. Ukitoka, paka mafuta!"

Nimeanza kucheka mimi, akafuata yeye. Mbao zote za boksi zilikuwa zinatikisika. Dakika ya kumi akanitoa, na nilipofungua mlango alikuwa ameshaingia chumbani, kama inavyotakiwa.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Basi limeondoka bila yeye. Mfuko umerudi chini ya kitanda. Nimemwomba, kupitia kwa binti yake, asimamie kuchambua kahawa iliyo kwenye meza za nyuma. Kufikia saa sita alikuwa ameshagundua kwamba kazi yangu ya wiki nzima ni ya kurudiwa. "Mwambie Mwalimu hizi mbovu kaziacha makusudi." Nimerudia. Sijawahi kufurahi hivi kusahihishwa.

Alhamisi, 31 Julai
Kliniki. Kifua cheupe kabisa, daktari amesema aende popote anapotaka. Mama Neema amenikumbatia palepale kwenye korido ya hospitali, mbele ya wenzake.

Mimi dakika kumi na tano tu siku hizi, kisha maji ya uvuguvugu, kisha mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Viwiko vimefunga. Ni boksi au ni mafuta? Mama Neema anasema mafuta. Nimewaza kubisha, nimeacha.

Jumapili, 10 Agosti
Siku ya tano tangu mama mkwe aondoke. Nimekaa kwenye boksi, dakika kumi na tano. Likipata joto bado linanuka usipa kidogo, pale pembeni. Sijalisugua. Benchi lake lipo ukumbini, nimelifunika kitambaa.

Saa kumi simu ya Mama Neema imelia. Yeye na mama yake wameongea, wamecheka, habari za Lituhi. Kisha akanitazama kwa mshangao na kuninyooshea simu. Anakutaka wewe, akasema. Miaka ishirini na mbili simu ile haijawahi kunifikia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu, umejipaka mafuta?"

Nikasema nimejipaka. Kisha nikaenda kujipaka.