Treni Ichelewe, Kivuko Kiwahi

Jumatatu, 6 Januari

Daftari, salamu. Mimi nimezoea barua tu, basi nakuanza kama barua. Mimi mzima. Baba watoto mzima, nyonga ndiyo inamsumbua, anashona viatu vya watu amekaa upande mmoja. Kitindamimba wangu mzima, hizi kurasa ni zake, zilibaki mwaka jana shuleni. Binti yangu mkubwa mzima huko alikoolewa, stesheni tano kutoka hapa. Mkwe wangu mzima. Na aliye tumboni mwa binti mzima, anapiga mateke. Huyo namwombea kuliko wote. Yule wa kwanza hatukumpata — tulichelewa kuvuka.

Leo binti alipita kwenda kliniki ng'ambo. Mimi nafagia banda la abiria hapa kivukoni, kwa hiyo nilimwona alivyokaa. Treni inafika saa tatu kamili. Kivuko kinaondoka saa nne kasorobo. Muda wote huo watu wa miguu wako juani, bati la banda limeng'oka nusu. Wenye magari wamejifungia ndani ya magari yao. Mwanangu miguu imevimba, viatu kavua, kavishika mkononi. Eti, mama usihangaike. Nani asihangaike!

Jioni nimeandika barua mbili. Moja kwa watu wa reli: treni ichelewe kidogo, watu wasitolewe nyumbani mapema kuja kuungua. Nyingine kwa watu wa kivuko: kivuko kiwahi kidogo. Nimesema huyu akikataa, yule atakubali. Jina sikuweka, kibarua changu kiko hapo hapo. Nimeandika "Mama wa Abiria". Kitinda kanisahihishia "ratiba".

Jumanne, 28 Januari

Wamekubali! Stesheni wamebandika. Kuanzia Jumatatu treni itafika saa tatu na nusu. Kusubiri robo saa tu!

Nimefagia leo mpaka mahali pasipo pangu. Baba watoto kaniuliza, sasa wewe ni waziri wa usafiri, chakula nitapakuliwa na nani? Nikamwambia aandike barua.

Jumamosi, 1 Februari

Sina raha.

Dada wa Tiketi kabandika karatasi kwenye dirisha lake. Kivuko nacho. Kuanzia Jumatatu kinaondoka saa tatu na robo, "kwa kuzingatia maombi ya abiria".

Nimesoma mara tatu, kidole chini ya kila neno. Treni saa tatu na nusu. Kivuko saa tatu na robo. Wote wawili wamenikubalia! Kila mmoja kasogeza nusu saa yake, hakuna aliyemwambia mwenzake. Sasa treni inafika kivuko kimeshaondoka. Kingine ni saa tisa alasiri.

Baba watoto alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka chini kiatu alichokuwa anashona. Akauliza, na mtoto je?

Nimemwambia binti anakuja Jumapili ya tarehe tisa, atalala hapa kwetu mpaka siku yake ifike. Daktari kasema mwisho wa mwezi. Kutoka hapa kwetu kivuko ataamka na kukipanda tu. Nimemwambia hivyo kwa sauti kubwa. Moyo wangu haukusikia.

Jumatatu, 3 Februari

Treni siku zote inachelewa. Leo — kwa wakati! Watu wakashuka, wakatembea zile dakika sita za kutoka stesheni, wakafika. Kivuko kiko katikati ya maji kimetupa mgongo.

Nimewahesabu arobaini na mmoja. Babu mwenye fimbo. Wasichana wa chuo. Mama Mayai na trei zake sita, mteja wake anamngoja ng'ambo kila asubuhi. Alizishusha chini polepole, akasema, aliyeandika hayo maombi mkono wake ukauke. Watu wakaitikia amina.

Mimi nimeshika ufagio kwa mkono huo huo. Na mimi nikaitikia amina.

Maji yangu ya kufagilia niliyaacha, nikachota ya kunywa. Ndoo tatu. Wakanishukuru. Kushukuriwa kule kulinichoma kuliko kulaaniwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimeomba ruhusa nusu siku.

Stesheni kwanza. Mkuu wa stesheni ni kijana mstaarabu, kanipa kiti. Nikamweleza. Akasema, mama, sisi tumewasikiliza wananchi, kivuko ndicho kimeharibu. Akatoa faili. Barua yangu! Imepigwa mhuri, imetobolewa, imefungwa na uzi kama kitu cha maana. Akanisomea mimi mwenyewe. Nikasema, ameandika vizuri huyo mama. Akasema, anakosea herufi, ila ana hoja.

Kisha ofisi ya kivuko. Karani kasema treni ndiyo imeharibu. Akatoa faili.

Nikamwuliza, mwanangu, huwezi kupiga simu hapo stesheni? Naiona kwa dirisha lako hili. Akasema simu ya ofisi kwa ofisi lazima ianzie makao makuu. Ratiba imeshachapishwa, itaangaliwa baada ya miezi mitatu. Kama nina ushahidi, niandike treni inafika saa ngapi kila siku, nilete.

Ningesema ni mimi. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaishia kusema asante.

Basi daftari sasa natembea nalo kwenye mfuko wa aproni. Leo treni: saa tatu na dakika thelathini na mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Treni saa tatu na dakika ishirini na tisa. Waliobaki thelathini na wanane. Mama Mayai hakuwemo. Siku hizi anashuka na treni ya jioni, analala kwa Dada wa Tiketi, asubuhi anapanda wa kwanza. Trei zake zimelala chini ya kitanda cha watu.

Nimemwendea nahodha. Nikasema, baba, ngoja robo saa tu. Akasema, mama, nikingoja bila karatasi ya ofisi, kesho kutwa nitakuja kukuomba ufagio tusaidiane. Hakusema kwa ubaya. Ana watoto.

Binti kanipigia. Anacheka. Kasema kichwa kinamgonga kidogo, labda joto. Nikamwuliza kinagonga wapi. Mama! akasema. Unaanza!

Ijumaa, 7 Februari

Saa kumi na mbili na nusu. Mkwe kapiga. Binti hajalala, kichwa kinapasuka, anaona vimulimuli. Nesi wa zahanati ya kwao kampima, kasema presha imepanda sana, avushwe asubuhi hii hii, alasiri ni mbali. Kawaandikia karatasi ya hospitali. Mkwe anasema, mama, treni inaondoka saa moja na nusu, tutakuwemo. Hajui ratiba ya huku. Nimemwambia, njooni. Ningemwambia nini? Barabara ya kuzunguka maji ni siku nzima, na boti ndogo zimepigwa marufuku.

Baba watoto anatafuta fimbo yake. Nimemwambia asinifuate, nyonga. Ananifuata.

Saa tatu na dakika kumi na tisa. Nimekaa kwenye kivuko. Si ndani — juu ya ule mlango wa chuma unaoshuka kupandisha watu. Nikiwa hapa hawawezi kuunyanyua. Naandika saa, karani alitaka ushahidi.

Nahodha kapiga honi mara tatu. Akashuka mwenyewe. Nikamwambia, baba, binti yangu yuko kwenye treni, anaumwa, karatasi anayo. Kasema, mama yangu, unanifukuzisha kazi. Nikasema, najua. Sasa yuko kando anaongea na ofisi kwa simu, mkono kichwani.

Abiria wanapiga kelele. Kuna aliyesema nibebwe. Kijana wa pikipiki akasema, mbebe wewe, huyo ni mama yako. Mwingine akasema kila mtu ana mgonjwa wake, tatizo ni yule mjinga aliyeomba ratiba.

Nikasimama. Nikasema, ni mimi. Barua niliandika mimi, hapa na kule. Mkono ni huu.

Watu wote wakanigeukia.

Mama Mayai alikuwa mbele kabisa na trei zake. Akaniangalia. "Wewe? Mama Ndoo? Uliyekuwa unatunywesha maji?" Nikasema ndiyo. "Na amina ukaitikia!" Nikasema niliitikia. Akasonya, msonyo mrefu. Kisha akainama, akaweka trei ya kwanza hapa kwenye chuma, karibu na goti langu. Ya pili. Ya tatu. Zote sita. Akajikalisha. "Haya, nahodha anyanyue. Yai langu moja likivunjika atanijua." Akanigeukia. "Na wewe usiniongeleshe. Sijakusamehe."

Saa tatu na dakika ishirini na sita. Askari wa kivuko anakuja, anatembea polepole. Baba watoto naona fimbo yake kwenye kona, anaelekea stesheni kuwapokea, siyo huku.

Saa tatu na nusu. Treni haijalia.

Dakika thelathini na nne. Askari anasema, mama, simama kwa heshima. Mama Mayai anamwuliza kama anataka kukanyaga mayai. Nahodha kamaliza simu lakini hajasema waliyomwambia. Kakaa kwenye ngazi, anatazama reli kama mimi.

Nimemwandikia mkwe kwenye simu, ujumbe haujaonyesha kufika, naunakili hapa nisije nikachanganyikiwa: Mwanangu, mko stesheni gani. Mlaze kwa ubavu, msimkimbize, mimi nimekaa mlangoni na sitoki. Yeye kama anaweza kuongea aongee. Nijibu upesi, hata neno moja tu.