Baba Tuliyemwekea Matanga Nimemkuta Ukerewe Siku ya Pasaka

Mpendwa Mama Salu, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana tangu Pasaka usingizi umenikimbia, chakula hakipiti, na hata darasani nikigeukia ubao nasahau nilichotaka kuandika. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha sita, nafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya wazazi huku Bariadi mjini, mbali na kijijini kwetu, nikisubiri chuo. Majina nitakayotaja si ya kweli.

Baba yangu, Masunga, aliondoka mwaka themanini na tisa, biashara ya samaki ilipofunguka na kila mtu akakimbilia ziwani, akasema anakwenda kununua sangara mara moja tu halafu arudi. Mwaka uliofuata tukaletewa habari kwamba mtumbwi umezama na yeye hakuonekana. Tukaweka matanga bila maiti. Mama, Ng'washi, akalima pamba peke yake na kunisomesha, hadi mwaka jana Thomasi, mgane wa parokia yetu, alipomposa. Ndoa ni baada ya Pentekoste. Mama Salu, mama yangu ameanza tena kuimba akisonga ugali, sauti ambayo sikuisikia miaka mitano.

Sasa Pasaka hii mwalimu mwenzangu Flora, ambaye kwao ni Ukerewe, akanialika, nikapanda meli kwa mara ya kwanza maishani, nikafurahi kama mtoto. Jumapili tunatoka misa nikasikia mwanaume nyuma yangu akiita, "Monika, vaa viatu!" Nikageuka. Ni baba, amenenepa, anamkimbilia mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Huyo mtoto ndiye Monika. Amempa jina langu.

Alinivuta pembeni ya kanisa. Akasema, "Mwanangu, huku nimeshasema mke wangu wa kwanza alifariki. Na kwenu mimi nimeshafariki. Ukisema umeniona utavunja nyumba mbili."

Nikamuuliza, "Habari ya kuzama alileta nani?"

Akaangalia chini. "Niliituma mimi."

Siku ya kuondoka akaja bandarini na sangara mkavu wa kupeleka nyumbani, na mimi kwa woga nikampokea. Mama akampika, akasema samaki wa Ukerewe ni watamu kweli, akamtengea Thomasi kipande kikubwa. Changu nikakirudisha chunguni.

Nikisema, nitaua furaha ya mama. Nikinyamaza, ataapa altareni na mume wake yu hai. Flora, niliyemweleza yote, ananiambia ninyamaze. Nifanyeje?

Mwenye Mzigo, Bariadi

MAMA SALU ANAJIBU

Mwalimu, pole sana. Hata mimi ningeishiwa nguvu pale mlangoni mwa kanisa. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Unasema unalinda furaha ya mama yako. Jiulize vizuri: unamlinda yeye, au unajilinda wewe usiwe mleta habari? Huyo mama alilima pamba akiwa mjane wa uongo. Baba yako amemdanganya miaka mitano, na wewe umeingia wiki ya tatu ukimficha. Mtu mzima hachaguliwi ukweli wa kujua kama mtoto anayechambuliwa miiba ya samaki.

Baba yako anasema utavunja nyumba mbili. Hapana. Ya kwanza aliivunja mwenyewe, ya pili akaijenga juu ya kaburi tupu. Siri hiyo ni yake, usimbebee. Yule mdogo wako, lakini, hana kosa lolote, usimchukie.

Usianze kwa padri, wala kwa Thomasi, wala usimwandikie mama barua. Anza na mama, mchana, nyumbani, mkiwa na mama yako mdogo au jirani anayemwamini. Atalia, pengine atakufukuza. Usiondoke. Akitulia, mwende wote kwa padri kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa, maana ndoa hiyo haiwezi kufungwa hivi ilivyo. Thomasi aambiwe na mama mwenyewe. Kama ni mwanaume wa kweli atakaa kusubiri njia ipatikane, na kama si wa kweli, heri mjue sasa.

Jumamosi hakuna shule. Panda gari la asubuhi uende kijijini kwa mama. Ukifika usimsimulie habari za meli wala za kisiwa, utazunguka mpaka ukose ujasiri. Mkalishe, mshike mikono yote miwili, umwambie: "Mama, baba yu hai." Kisha nyamaza, umwache aulize yeye.