Mtoto Asiyekaliwa Matanga

Kwako Bi Mona, mshauri wetu wa gazetini, baada ya salamu nyingi naomba unisaidie maana mimi nimeshindwa. Nina duka la vitambaa hapa Ndia Kuu, na mke wangu Hind alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Rajabu, tukafurahi sana, lakini mtoto akashikwa na homa na siku ya ishirini Mungu akamchukua, nikambeba mikononi mpaka makaburini nikamzika, na Hind akabaki ndani kwa kuwa arobaini yake ya uzazi ilikuwa haijaisha, nami niliporudi nikawakataza wanawake kulia, nikasema mtoto mchanga haliliwi, hata matanga sikuyaweka, na asubuhi yake nikafungua duka. Sasa ni miezi minne, Hind hachani nywele, hali mpaka alazimishwe, hasemi na mtu, na alikuwa hodari wa kucheka yule, majirani wakimsikia toka nje! Mama yangu anasema ni pepo, tukaita fundi wa pepo, Hind akafukizwa ubani, akafunikwa nguo nyeusi ya kaniki, akapigiwa ngoma siku tatu asitoe neno, ila siku ya mwisho akaniuliza, "Yeslam, ulimlaza vizuri?" Nikamkemea, nikamwambia astaghafiru, jambo limekwisha. Juzi akasema laiti angemfuata. Mama anataka nimrudishe kwao Lamu, watu wasije wakasema nyumba yetu ina mwendawazimu, nami wallahi nampenda mke wangu, lakini nimechoka. Nimrudishe?

Yeslam

Bwana Yeslam, usimrudishe. Na pole, mwanangu. Nadhani hilo hakuna aliyekwambia.

Sasa nikugombeze. Mkeo hana pepo wala wazimu, ana msiba, na msiba ukizuiwa kutoka humlia mtu chakula, usingizi na maneno. Nimewaona wengi hivyo baada ya uzazi, hata ambao watoto wao ni wazima. Ni maradhi, nayo hupoa, lakini hayapoi kwa kukemewa. Mkeo alikuwa na maziwa kifuani na hana wa kumnyonyesha, nawe ukawakataza watu kumlilia mtoto! Wewe ulimbeba mtoto, ukamshusha kwa mikono yako. Yeye alisikia mlango tu ukifungwa. Kisha akikuuliza ulimlaza vipi, jibu lako ni astaghafiru? Ebo!

Hilo la kutaka kumfuata usilifanyie mchezo. Asiachwe peke yake hata kidogo, hasa kisimani. Muulize wazi kama anataka kufa. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunamtua mzigo. Mlete dada yake akae naye, na mumwonyeshe daktari. Fundi asirudi. Mama yako mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Halafu kaa na Hind umsimulie maziko yote, tangu sanda hadi udongo wa mwisho. Utalia. Lia, bwana, mbele yake, maana barua nzima hukuandika hata neno moja la uchungu wako, kana kwamba mtoto alikuwa wa jirani.

Kesho usifungue duka. Tandika mikeka, pika kahawa, waite watu mkae matanga siku tatu. Wakikuuliza kuna nini miezi minne baadaye, waambie, "Tumefiwa na mwanetu."

Bi Mona