Mukono wenye kutetemeka mu labo

Amahoro, mujukuu yangu Zaina, muchawi wa Kampala mwenye kufuga mikrobe, vile vidudu vya magonjwa, mu visahani. Huku Rumonge tuko wazima. Nyanya yako iko na nguvu, jana amenifukuza jikoni na mwiko.

Unaniuliza kama uache masomo ya labo, juu unaogopa kukosea jina ya mikrobe na kuua mutu. Sikia.

Nilikuwa kijana. Mimi niliyefukuza kiboko kwa kafi, mwiba ya muchikichi ilinichoma muguu. Mama akapaka mawese ya moto, muguu ikavimba mpaka goti. Daktari akasema, "Tukikosea dawa, tunakata muguu."

Mama mumoja wa labo akachukua usaha, akaitia rangi, akaniita nichungulie mu mikroskopi. Niliona vitone vya zambarau, vimeshikana kama kichala cha chikichi. Hivyo vyote vilikuwa vinanikula.

Kesho yake akatonesha dawa ya kupimia juu ya mikrobe aliyootesha kutoka ile usaha, aone iko ya kabila gani. Ikatoa povu, alama ya kabila moja. Akarudilia tena. Mukono yake ilikuwa inatetemeka.

"Mama, na wewe unaogopa?"

"Naogopa sana, wewe mwenye kelele. Ndiyo maana narudilia."

Akaandika jina, wakanipa dawa yake, muguu ikapona.

Basi ogopa tu, Zaina. Siku mukono yako itaacha kutetemeka, nipigie simu, nitakuja mwenyewe kukutoa mu hiyo labo.

Ni mimi babu yako, mwanaume wa miguu mbili.