Ndiyo Niliyoibonyeza Bila Kusoma

Jumatatu, 9 Juni
Ofisini saa mbili kasoro. Umeme upo, chai haipo. Nimekagua lango la mtandao kama kila siku. Taarifa za maduka ya dawa, maabara na zahanati zote hupita kwetu kabla ya kufika zinakokwenda. Miaka tisa nafungua njia zake na kuzifuta kwa mkono wangu. Ufunguo wa admin ninao mimi peke yangu.

Leo Masanja ametuonyesha alichotengeneza. Yeye ni mwandishi wa programu, mkataba wake unaisha mwezi huu. Ni kifaa kimoja tu, cha ndani ya kompyuta. Akili mnemba ikikishika, inaweza kufanya lolote ninalofanya mimi kwenye lango: kuuliza, kuongeza, kubadili, kufuta. Ila kabla ya kufuta lazima isimame, ieleze sababu, isubiri mwenye ufunguo abonyeze Ndiyo.

Nimekikosoa sana. Ukweli ni wivu.

Jumanne, 10 Juni
Nimekijaribu. Nikaandika Kiswahili cha kawaida: nionyeshe njia zisizopitisha kitu kwa siku thelathini. Zikaja zote, hata chai haijapoa. Mimi ningekesha nazo siku mbili. Nimefurahi. Masanja sikumwambia.

Jumatano, 11 Juni
Siku ya kusafisha. Njia za maduka yaliyofungwa, njia za majaribio ya zamani. Inaeleza, inauliza, nabonyeza. Kumi za kwanza nilisoma kila neno. Baadaye nikawa nasoma jina tu. Mwishoni nabonyeza huku nagombana na fundi bomba kwenye simu, maji nyumbani Kiseke hayajatoka tangu Jumapili. Zimefutwa thelathini na nane. Nimewahi nyumbani, nimekaanga samaki, sato. Raha tupu.

Alhamisi, 12 Juni
Hakuna jipya. Fundi hakutokea.

Ijumaa, 13 Juni
Siku mbaya.

Maabara wamepiga simu. Majibu ya damu za wajawazito wa zahanati moja upande wa Sengerema yamekwama tangu jana. Njia yao haipo. Nimeirudisha kwa dakika kumi, majibu yamefika jioni.

Bosi ametokea kwenye biashara ya vipuri vya magari, mambo ya lango hayajui. Akasema hapohapo, "Hicho kidude cha Masanja kimejifutia chenyewe." Masanja akajibu kwamba hakiwezi kufuta bila ruhusa. Hakusikilizwa. Mkataba wake hautaongezwa, na ripoti niandike mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasema sawa.

Wote walipotoka nikafungua kumbukumbu za mfumo. Njia ya zahanati ilikuwa ya thelathini na moja. Maelezo yapo: imekaa kimya siku thelathini na tatu, lakini hutumika mara moja kila mwezi, nashauri uwaulize wenyewe kwanza. Chini yake Ndiyo. Na jina langu.

Kumbukumbu hizo hakuna anayezifungua isipokuwa mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Muuguzi wa zahanati ile amevuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, na daftari la wajawazito mkononi. Mama mtu mzima, karibu kustaafu. Nikamwamkia shikamoo. Alitaka kuhakikisha hakuna jina lililopungua. Tumelinganisha moja moja, yote yapo. Mmoja wao damu yake ilikuwa chini sana. Jana wamempeleka hospitali, ameongezewa damu, anaendelea vizuri. Angeenda juzi kama majibu yangefika.

Akanishika mkono. "Asante mwanangu kwa kuturudishia." Heri angenitukana.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani nimekaa, mahubiri sikuyasikia. Mume wangu, Baba Kulwa, ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nikisema, miaka tisa ya jina zuri inakwisha. Nisiposema, Masanja anaondoka kwa kosa langu. Nimeanza ripoti mara tatu. Mara zote tatu nimeandika uongo uliopangika vizuri. Najichukia.

Jumatatu, 16 Juni
Ripoti ina mistari minne. Nimechapisha ule ukurasa wa kumbukumbu, nimeuweka mezani kwa bosi, Masanja akiwepo. Nikasema: kifaa kilinionya, sikusoma, nikabonyeza.

Bosi aliusoma mpaka chini. "Mama Kulwa. Wewe?" Basi. Ufunguo umehamia kwa Masanja, na mkataba wake unaongezwa. Mimi nabaki, ila nikitaka njia yoyote nimwombe yeye.

Nje kwenye korido nilimwomba msamaha.

"Nilijua tangu Ijumaa," akasema. "Mwenye ufunguo si ulikuwa wewe tu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningesema nini, Mama Kulwa? Mimi wa mkataba, wewe wa miaka tisa. Nani angenisikiliza?"

 

Alhamisi, 19 Juni
Duka jipya la dawa linataka njia. Nimeandika ombi, nimempelekea Masanja. Akavuta kiti, akaanza kusoma. Kila mstari, kidole kwenye kioo. Kwenye mstari wa nne akasimama, nilikuwa nimekosea jina la duka. Nikarekebisha. Akaanza tena juu.

Nilisimama nyuma yake nikasubiri. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani. Alipomaliza akabonyeza.