Bakuli Lenye Bata

Ofisi ya Wakala, Alberta
2 Desemba 1916

Dada yangu Yavdokha,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usimsomee mtu barua hii, hata mumeo, na ukimaliza itie motoni.

Natumai wewe na watoto hamjambo, na kifua chako kimetulia. Mimi ni mzima, ila usingizi umenipaa.

Wapan, mjukuu wa Mama Piyesis, ametoroka shule ya bweni. Bwana Wakala, anayewasimamia Wakri kwa niaba ya serikali, ameniamuru mimi karani wake niwaandikie askari wamtafute, kwanza kwa Wakri wenzake, wenyeji wa nchi hii, kisha kwetu sisi Waukraini. Anajua mkunga wetu ni Mama Piyesis, na kwamba ndiye aliyetulisha nyama kavu mwaka tulipohamia, tulipokuwa tukiishi ndani ya lile shimo la udongo. Kaka yake Wapan naye alitoroka mwaka jana, wakamrudisha. Amezikwa huko huko shuleni.

Ukimwona mtoto, usiniambie.

Mdogo wako,
Demko


Nyumbani
15 Desemba

Demko, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ng'ombe mzima, na kifua changu kinakohoa kwa mazoea tu. Wewe je, unakula? Unaandika kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Umesema nisikwambie, basi sikwambii. Nakwambia tu nimepata msaidizi wa kukanda unga, na ulimi wake ni mkali kuliko wako. Kaonja kitunguu saumu changu akasema, "Shangazi, ndiyo maana askari hawakai sana kwenu." Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mama Piyesis, aliyekuja kwa kujiiba bila kibali cha Wakala cha kutoka kwao, akamkaripia: "Nyamaza wewe, unakula cha watu!" Nikamwambia, "Cha watu gani, mama? Wanangu wote wamepokewa na mikono yako."

Msaidizi aliuliza kwa nini mkesha wa Krismasi tunaweka bakuli lisilo na mtu. Nikamwambia ni la marehemu wetu. Akasema bibi yake naye huwatengea wafu chakula. Jana nimemkuta amechora bata kwa kisu kwenye bakuli moja la mti la baba. Anasema hilo ni la kaka yake. Nitamnyimaje?

Dada yako,
Yavdokha


Ofisini
29 Desemba

Dada,

Natumai hamjambo nyote. Sina nafasi ya salamu ndefu.

Jana Bwana Wakala alinikaribisha chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akauliza tunavyosherehekea. Nikaona fahari, nikaeleza yote: nyota ya kwanza, ngano ya asali, bakuli la wafu. "Moja tu?" akauliza. Nikasema moja tu.

Leo nimemsikia akimwambia askari: "Tarehe sita Januari jioni, mkesha wa Krismasi yao, pita nyumba zao zote. Ukikuta mabakuli mawili yasiyo na mtu, mwenye moja hajafa; amejificha."

Ficha bakuli la bata. Mwambie mtoto anisamehe.

Mdogo wako,
Demko


Ofisini
13 Januari 1917

Dada,

Hujambo? Watoto hawajambo? Tangu mkesha sijapata neno lako.

Askari anasema usiku ule nyuma ya nyumba yako alikuta nyayo ndogo zinaelekea msituni, theluji ikazifunika. Leo asubuhi Bwana Wakala ameweka mezani kwangu bakuli ambalo askari alilichukua kwako. Ngano ya asali imegandia ndani, haijaguswa, na chini ya ukingo kuna bata.

"Demko, kwenu nani hula humu?" akaniuliza kwa upole.

"Marehemu, bwana."

Akatabasamu. "Marehemu yupi?"

Nikachovya kalamu kwenye wino. Hakuuliza tena, na hilo ndilo linalonitisha. Bakuli liko hapa mbele yangu; ameniagiza nisiliondoe.

Usinijibu kwa posta, barua zangu sasa zinafika zimefunguliwa. Hii anakuletea Hrytsko wa magogo. Mwambie Mama Piyesis aje ofisini Alhamisi, Bwana Wakala akiwa ameenda stesheni. Aombe kibali cha kwenda kuuza viatu vya ngozi. Vibali naviandika mimi. Asiseme neno lingine. Kama mtoto amepatikana hai, juu ya mzigo aweke pea ndogo, ya kumtosha Wapan. Kama sivyo, alete vya watu wazima tu. Dirisha ninapotolea vibali ni la pili kutoka mlangoni.

Mdogo wako,
Demko